Ukuta na Shimo Lake: Safari ya Iguhu

Ukitoka Kisumu kwa matatu ya Kakamega, barabara huanza kupanda kabla kondakta hajamaliza kukusanya nauli. Kiboswa, Majengo na Ikweta zinapita na hakuna abiria anayeinua macho kutoka kwenye simu yake, kisha yanaanza mawe. Vilima vya Maragoli vimejaa majabali ya itale, mengine yamekalia mengine kwa namna inayomfanya mgeni ajiulize yamezuiwa na nini. Kando ya lami wamekaa kina mama na vijana wakiponda kokoto. Jabali huwashiwa moto mpaka lipasuke, vipande huviringishwa hadi barabarani, na kuanzia hapo kazi ni ya nyundo, kutwa nzima, mpaka rundo litoshe lori. Sikuona mtambo wa dizeli wala baruti. Nyumba nyingi za upande huu zimesimama juu ya kokoto zilizopita kwenye viganja vya akina mama hawa, na viganja hivyo havionekani katika hesabu yoyote ya ujenzi niliyowahi kuisoma.

Siku hizi kila mkutano wa wahandisi una kikao cha ujenzi wa kijani, na picha zinazoonyeshwa ni za maghorofa ya vioo yenye miti kwenye roshani. Mimi nilitaka kuyaona mambo hayo mahali ambapo watu hujijengea wenyewe, kidogo kidogo, kwa pesa ya chai, ya miwa, au ya mtoto aliye Nairobi. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Kakamega kuwa na watu 1,867,579, wengi wao mashambani, na ukipita vijijini utaona boma baada ya boma lina rundo lake la mchanga, la kokoto, la matofali, au mabati yaliyofunikwa kwa turubai yakisubiri mwaka wa neema. Naamini marundo hayo yataamua mengi kuhusu hewa na misitu yetu kuliko ghorofa lolote la vioo.

Nilikuwa nakwenda Iguhu kutazama ukuta. Rafiki yangu mmoja anayefundisha ufundi alikuwa ameniambia kwamba kuna mama huko anajenga nyumba kwa udongo wa shamba lake mwenyewe, uliobanwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa. Nilimwomba mama huyo ruhusa ya kufika, naye akasema njoo, lakini njoo na viatu vya matope.

Iguhu iko Ikolomani, nchi ya Waidakho, kusini mwa mji wa Kakamega. Ni kituo chenye hospitali ya serikali, maduka ya vifaa vya ujenzi, bodaboda wengi na salamu nyingi. Kila unayekutana naye anakuambia "Mulembe" na kungoja umjibu. Ardhi yenyewe ni ya miinuko na mabonde, kati ya mita 1,430 na 1,580 juu ya usawa wa bahari, na Mto Yala unapita chini ukitoka upande wa Nandi kuelekea Ziwa Victoria. Juu ya vilima udongo ni mwekundu na nyumba zimesongamana. Ukiteremka, wekundu unafifia, unakuwa kahawia, halafu kijivu, na ukifika bondeni unakanyaga mfinyanzi unaong'ang'ania kiatu. Huko chini ndiko yanakotoka matofali ya kuchoma.

Nilikaa na vijana wa tanuri karibu asubuhi nzima. Kazi yao inahitaji nguvu na maarifa, na inastahili kuelezwa kwa heshima. Wanachimba mfinyanzi, wanaumwagia maji, wanaukanyaga kwa miguu mpaka ulainike, kisha wanafyatua tofali moja moja kwa kibao cha mbao. Tofali bichi hukaushwa chini ya nyasi ili jua lisilipasue. Yakikauka hupangwa kuwa tanuri lenye mapango kwa chini, linakandikwa tope nje, na magogo yanasukumwa ndani ya mapango. Moto huwaka mchana na usiku, na mtu hukesha nao. Tanuri likifunguliwa, matofali ya katikati karibu na moto yameungua kupita kiasi na mengine yamejikunja. Ya pembeni hayakuiva, mvua ikiyapata yanarudi kuwa tope. Ya kati na kati ndiyo yanayouzwa.

Nilimuuliza mkubwa wao kuhusu kuni. Akaninyooshea kidole safu ya mikaratusi ukingoni mwa shamba. "Hii nimepanda mimi, na ile pale alipanda baba. Nikikata inachipua." Ni jibu la haki. Mkaratusi huchipua, na mti unaokua tena hurudisha hewa ukaa iliyotoka motoni. Lakini mikaratusi yake haikutosha, na mwenyewe alikiri hilo bila kusukumwa: tanuri likiwa kubwa hununua kuni kwa wenye lori, na mwenye lori haulizwi alikokata. Mashariki ya hapa, mwendo mfupi kwa bodaboda, uko Msitu wa Kakamega, mabaki pekee katika Kenya ya msitu mkubwa wa mvua unaoanzia Kongo. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933 na tangu hapo umeendelea kumegwa. Simsemi kijana yule kuwa ndiye anayeumega. Nasema tu kwamba soko la kuni lisilouliza maswali haliwezi kuwa jirani mwema wa msitu.

Kilichonishughulisha zaidi kilikuwa nyuma ya tanuri. Kila walipochimba pamebaki shimo, na kila shimo lilikuwa na maji. Maji ya kina kifupi, yasiyo na kivuli, yenye joto la jua. Nilihesabu machache kisha nikaacha, maana bonde zima lilikuwa nayo, mengine ya mwaka huu, mengine ya zamani yenye kingo zilizokwisha kuporomoka.

Iguhu si jina geni kwa wataalamu wa malaria. Kwa miaka mingi watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California cha Irvine, wamekuwa wakikamata mbu na kupima damu katika bonde hili, wakitaka kujua kwa nini malaria imepanda milimani ambako zamani baridi iliizuia. Waliyoyakuta yanamhusu kila anayejenga. Watoto wa bondeni walikuwa na vimelea zaidi kuliko watoto wa kilimani. Mahali miti ilipokatwa, ndani ya nyumba palikuwa na joto zaidi, na joto hilo lilimfanya mbu jike amalize mapema mzunguko wake wa kunyonya damu na kutaga mayai, kisha aanze tena. Mbu aina ya Anopheles gambiae hapendi kinamasi chenye mafunjo na kivuli. Hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi kwa jua. Shimo la matofali ni kidimbwi cha namna hiyo hasa, na tafiti za mashimo haya sehemu mbalimbali za magharibi mwa Kenya zimekuta viluwiluwi vya mbu huyo ndani yake, hata wakati wa kiangazi ambapo maji mengine yamekauka.

Kwa hiyo tofali la kuchoma la bondeni hukata mti na hufungua kidimbwi, na yote mawili humnufaisha mbu mmoja. Hapo ndipo nilipoacha kupima ukuta kwa hewa ukaa peke yake. Ukuta wowote umetoka mahali, na mahali hapo pamebaki na kitu. Nataka kujua pamebaki na nini.

Mchana nilipanda kilima kwenda kwa yule mama. Nilimkuta amesimama kando ya mashine, kanga kiunoni, akiwahimiza vijana wafunike udongo kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja. Nilimwamkia kwa shikamoo ya kwetu Mombasa. Akacheka, akaniambia hapa tunasema mulembe, mwanangu, kaa kwanza unywe chai.

Nyumba yake ya zamani bado imesimama, na nilikunywa chai ndani yake. Ni ya miti na udongo, imekandikwa vizuri, sakafu imepakwa samadi na udongo mwekundu, ndani kuna ubaridi mzuri ambao nyumba nyingi za saruji zimeukosa. Ukitafuta nyumba yenye kaboni ndogo kuliko hiyo hutaipata. Miti ni ya shambani, udongo ni wa pale pale, kazi ni ya jamaa na majirani. Mtaalamu angeipiga picha na kuisifu. Mama akaniambia, "Mwanangu, mimi nimekandika tangu nikiwa msichana. Mvua ikiisha nakandika, mchwa akila mti nakandika, mgeni akija nakandika. Mikono hii imechoka." Kakamega hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, na kila milimita huacha kazi ukutani ambayo hufanywa na mwanamke. Anayewasifia watu nyumba za udongo bila kuhesabu kazi hiyo hajamaliza hesabu yake. Tena kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi wa kupitisha hewa na moshi, na huo ndio mlango mkuu wa mbu.

Hakutaka nyumba ya udongo tena. Alitaka nyumba ya kudumu. Ila bei ya matofali ya kuchoma, pamoja na saruji ya kuyaunganisha na kuyapiga lipu, ilikuwa imemshinda. Fundi wake, mtu wa makamo aliyejifunza kazi hii Uganda, ndiye aliyemwambia kwamba udongo anaoukanyaga unaweza kuwa ukuta wa kudumu, mradi upimwe kwanza.

Upimaji huo ndio nilioupenda kuliko kitu kingine chochote katika safari hii, na nitaueleza kwa utulivu. Fundi haanzi na mashine. Kwanza anaondoa udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na mboji, anauweka pembeni urudi shambani. Udongo wa chini anautia kwenye chupa ya maji, anatikisa, anaacha utulie. Mchanga unatua chini, tope laini linafuata, mfinyanzi unakaa juu, na kwa macho tu unaona kiasi cha kila kimoja. Kisha anachukua kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4, anakijaza udongo uliolowa, anauacha ukauke. Udongo ukikauka husinyaa, nao unaacha pengo mwishoni mwa kisanduku. Pengo likiwa chini ya milimita 12, sehemu moja ya saruji itatosha sehemu 18 za udongo. Likifika kati ya 24 na 39, itahitajika moja kwa 14. Likizidi sana, mfinyanzi ni mwingi mno, ongeza mchanga au tafuta udongo mwingine. Udongo wa mama ulisinyaa kupita kiasi, kwa hiyo fundi akauchanganya na mchanga, akarudia kupima, ndipo akaridhika. Kipimo hicho hakidai maabara, na mtoto wa darasa la saba anaweza kukisoma kwa rula.

Mashine yenyewe ni sanduku la chuma lenye mfuniko na mkono mrefu. Babu yake ni mashine iliyobuniwa na mhandisi Raúl Ramírez kule Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, kwa ajili ya watu maskini wa vijijini, ikasambaa duniani kote. Zetu za Afrika Mashariki zimeongezewa kitu: kalibu hutoa tofali lenye ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, moja linaingia kwenye jingine. Kampuni ya Makiga ya Nairobi imezitengeneza kwa miaka mingi, na Uganda zimejenga shule na matangi ya maji. Udongo unachekechwa, unachanganywa na saruji ukiwa mkavu, unanyunyiziwa maji kidogo tu, unatiwa kwenye kalibu, mfuniko unafungwa, na kijana mmoja au wawili wanauning'inia ule mkono. Tofali linatoka likiwa na pembe kali. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali yapatayo mia, kutegemea udongo, yaani kila tofali lina nusu kilo tu ya saruji au karibu na hapo.

Baada ya hapo hakuna moto. Kuna subira. Matofali hupangwa kivulini, hufunikwa kwa nailoni au majani ya migomba, humwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza, na huachwa yakomae hadi siku ya 28. Fundi aliniambia hapo ndipo kazi hii inapoharibika mahali pengi: mwenye nyumba ana haraka, matofali yanaanikwa juani, saruji iliyomo inakauka kabla haijashika, mvua ya kwanza inayala, halafu watu wanasema udongo haufai. Kwa mama yule kazi ya kumwagia maji ilikuwa ya wajukuu kabla ya kwenda shule, na naona hakuna aliyethubutu kuisahau.

Nilimuuliza fundi swali lililonileta: je, ukuta huu unatumia saruji kidogo kuliko wa tofali la kuchoma, ambalo lenyewe halina saruji hata chembe? Akaniongoza hadi kwenye nyumba ya jirani iliyojengwa kwa matofali ya bondeni. Kwa kuwa matofali yale hayalingani, fundi aliyejenga alilazimika kujaza kila kiungo kwa saruji nene, na baadaye kupiga lipu ukuta mzima ili kuuficha. Ukuta wa mama ulikuwa umekaa tofali juu ya tofali, ulimi ndani ya mfuo, saruji ikiwa kwenye safu ya kwanza juu ya msingi na kwenye mkanda wa juu wenye nondo. Nje hautapigwa lipu. Mapungufu yake fundi hakuyaficha: msingi lazima uwe wa mawe na zege, paa litokeze vya kutosha ili mvua isirushe maji ukutani, na udongo mweusi wa mbuga haufai hata ukiuombea.

Shimo lilikuwa wapi? Nyuma ya nyumba, kilimani, mbali na mto. Kina chake kilikuwa kimechimbwa kwa kipimo, kingo zimesimama wima. Litakuwa la choo. Shimo la pili, dogo kidogo, litapokea tangi la maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Mama alikuwa akiyahitaji mashimo yale mawili hata kama asingejenga ukuta.

"Na huko kwenu Mombasa mnajenga kwa nini?" akaniuliza.

Nilimwambia kwamba zamani tulijenga kwa mawe ya matumbawe, kwa chokaa iliyochomwa na boriti za mikoko, na kwamba siku hizi tunajenga kwa saruji kama kila mtu. Sikumwambia yote, maana mvua ilikuwa imeanza, lakini swali lake lilinirudisha Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi pale mwaka 1954, kikichimba mawe ya chokaa ambayo ni matumbawe ya bahari ya kale. Saruji hupatikana kwa kuyachoma mawe hayo na udongo katika joto la takriban nyuzi 1,450. Tatizo kubwa haliko kwenye kuni au makaa peke yake. Jiwe lenyewe, likichomwa, linaachia hewa ukaa iliyofungwa ndani yake tangu enzi za viumbe vya bahari: kilo 440 katika kila tani ya jiwe safi la chokaa. Hata ukilichoma kwa jua, hewa hiyo itatoka. Ndiyo maana viwanda vya saruji duniani hubeba karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu.

Shimo la Bamburi nalo lilibaki, jeupe, la chumvi, lisilootesha kitu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kulipanda miti. Alijaribu aina 26, zikapona chache, na mvinje ndio uliolikomboa shimo. Majani yake makavu hayakuoza mpaka akaletewa jongoo, wakayala, wakayageuza udongo. Leo ni bustani ya Haller Park, na ndiko alikopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee. Nimetembea pale tangu utotoni na bado naona ni mojawapo ya kazi njema kabisa zilizofanywa katika ardhi ya Kenya. Lakini mvinje haukuweza kuirudisha hewa iliyotoka kwenye tanuri. Na bonde la Iguhu, lenye mashimo mia ya familia mia, halina kampuni nyuma yake wala Haller wake.

Kesho yake niliingia duka la vifaa kituoni nikasoma mifuko ya saruji. Ningependa kila mjenzi afanye hivyo. Mfuko wa kawaida wa 32.5, ule wa bei nafuu ambao mafundi huuita dhaifu, mara nyingi una maandishi CEM IV/B na herufi P. Maana yake ni kwamba kati ya asilimia 36 na 55 ya kilichomo ni pozolana, majivu ya volkano ambayo Kenya inayachimba Bonde la Ufa, na ambayo hayahitaji kuchomwa hadi nyuzi 1,450. Warumi walijenga kwa majivu ya namna hiyo. Kwa hiyo saruji ya kaboni ndogo ambayo Ulaya inaizungumza kama habari ya kesho iko tayari kwenye rafu ya Iguhu, na ndiyo rahisi kuliko zote. Mfuko wa 42.5 wenye CEM I ni wa nguzo na sakafu za ghorofa; kuutumia kwenye lipu ya nyumba ya chini ni kutupa pesa na kuchafua hewa kwa pamoja. Sharti la saruji ya pozolana ni moja: hushika polepole, kwa hiyo ni lazima imwagiwe maji kwa siku nyingi. Nilitazama mjengo mmoja karibu na duka. Sakafu ilikuwa imemwagwa na tayari imepauka kwa jua, hakuna gunia bichi juu yake, hakuna mchanga uliolowa.

Mengine yanakuja. Watafiti wa Uswisi, India na Cuba wameonyesha kwamba nusu ya klinka, yaani yale mawe na udongo yaliyokwisha kuchomwa, inaweza kuondolewa ikawekwa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 pamoja na chokaa isiyochomwa, na hewa ukaa ikapungua hadi kwa asilimia 40. Ghana imeanza kuitengeneza saruji hiyo. Kakamega ina mfinyanzi, na ina majivu ya makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya Kabras na Butali, yenye silika ambayo wanasayansi wameipima mara nyingi kuwa inafaa kuchanganywa na saruji. Naiona siku ambayo jivu la boila litakuwa na bei kwenye mzani. Lakini mama wa Iguhu hajengi kwa teknolojia itakayokuja. Anajenga kabla ya mvua za Machi.

Sheria nayo haimzuii tena. Kwa miongo mingi Kenya ilifuata kanuni za ujenzi za 1968, zilizorithi fikra za Kiingereza kwamba nyumba ya kudumu ni ya mawe na saruji. Shirika la viwango lilitoa kiwango cha matofali ya udongo yaliyoimarishwa, KS 1070, na Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024 ilianza kutumika Machi 2025. Kinachokosekana vijijini ni mashine ya kuazima, mtu wa kupima udongo na mfano wa karibu ambao jirani anaweza kuugusa. Nilipokuwa kwa yule mama walifika majirani zaidi ya mara moja, wakagonga tofali kwa kidole, wakauliza mvua imelifanya nini, wakaondoka wakizungumza.

Na mbu? Fundi alifikisha ukuta hadi kwenye mabati na kuziba uwazi wa juu, kisha akaacha matundu ya hewa yatakayowekwa wavu. Kazi hiyo haikugharimu mfuko hata mmoja wa ziada. Nyumba ya kijani inayomwacha mtoto aumwe na malaria sioni kwa nini iitwe ya kijani.

Wewe uliyeko Nairobi, Mombasa, Doha au Boston na unajenga nyumbani kwa kutuma pesa: kabla hujalipa lori la matofali, mpigie fundi umuulize kuni zimetoka wapi na shimo limebaki wapi, na nani atalifukia. Mwambie apime udongo wa shamba lako kwa kisanduku kile cha sentimita 60 kabla hajakuambia haufai. Mwambie anunue mfuko wa 32.5 kwa kazi ya 32.5, na umlipe mtu wa kumwagia maji.

Na serikali ya Kaunti ya Kakamega nina ombi kwayo. Ikolomani ina wadi nne: Idakho Kusini, Mashariki, Kaskazini na Kati. Mashine nne za mkono, moja kila wadi, zikiwa chini ya fundi aliyefunzwa na zikiazimwa kwa zamu, pamoja na amri kwamba kila shimo la matofali lililo karibu na Mto Yala lifukiwe au ligeuzwe bwawa la samaki kabla jingine halijachimbwa. Bajeti ya kaunti inaweza kulibeba jambo hilo katika mwaka mmoja wa fedha.